Barua Zisizorudi

Mama Hildegardi Ndunguru hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Mwaka ule wa mvua nyingi, radi ilipiga mnara wa ofisi ikaunguza mashine tatu na kuku wa jirani. Yeye alifungua mlango, akakohoa moshi, akauliza kama chai imeiva. Kwa hiyo Ijumaa ile asubuhi, Asnath Mbwambo alipomwona anakiweka kikombe mezani kwa mikono miwili, taratibu, macho yameganda kwenye karatasi, alijua kuna jambo. Ila karatasi yenyewe ilikuwa ya habari njema, na aliyeiandika ni Asnath mwenyewe.

Ngoja niwaeleze hawa ni akina nani. Nyuma ya Hospitali ya Mtakatifu Gaudensi, pale Mbinga, kuna chumba kimoja chenye dirisha dogo na baridi ya kutosha kugandisha maziwa mwezi wa saba. Humo ndimo unamolelewa mtandao wa zahanati thelathini na moja. Nyingine ziko milimani kwenye kahawa, Mapera na Mbuji, nyingine ziko chini kabisa, mwambao wa Ziwa Nyasa. Zahanati ikitaka dawa, inaandika barua pepe. Ikitaka gari la kumfuata mgonjwa, inaandika. Dawa haitoki kwa mdomo, ndiyo sheria ya hospitali, na mfamasia wake angemnyima hata mama yake mzazi panadoli kama hakuja na maandishi.

Mtandao huo ulikuwa na walezi wawili. Mmoja ni huyo Mama Hildegardi, Mmatengo wa Mapera, cheti cha kidato cha nne, miaka kumi na minane ya kukaa kwenye redio ya jimbo akiita “Ngumbo, Ngumbo, unanipata?” kabla kompyuta hazijaja. Zilipokuja hakuna aliyemfundisha. Alizifungua, akazitazama, akazifunga. Mwingine ni Asnath, msichana wa Kipare kutoka Same, shahada ya Dar es Salaam, vyeti vitatu, miezi minne kazini. Tusifichane: wiki ya kwanza Asnath alidhani ameletwa kumwangalia bibi mwenye daftari. Wiki ya tatu aliacha kudhani, akaanza kuandika anayoyasikia.

Sasa kuhusu hilo daftari. Lilikuwa lile kubwa la kaunta, la jalada gumu, na Mama Hildegardi alikuwa anaandika humo makosa ya watu. Siyo dhambi, hapana, hizo zina padri wake. Aliandika majina ya mtandao yaliyokosewa. Watu zaidi ya mia wanapiga chapa anwani za barua kila siku, wengine wamevaa glavu, wengine wana mtoto mgongoni. Lazima wakosee. Na kukosea hakukuwa msiba, kwa sababu mtandao una adabu yake. Barua ikitaka kusafiri, kwanza inaiuliza seva ya majina: jina hili linakaa wapi? Kama jina ni la uongo, seva inajibu, halipo. Basi barua inarudi kwa mwenyewe dakika ile ile, anairekebisha, anaituma tena, maisha yanaendelea. Barua nne au tano zilirudi kila siku, na Asnath alikuwa anazihesabu.

Mama Hildegardi alikwenda Mapera siku nne kuvuna kahawa yake. Siku hizo hizo, hesabu ya Asnath ikawa sifuri. Jumatatu sifuri, Jumanne sifuri. Jumatano Asnath akachapisha karatasi, akampelekea Bwana Sixbert, katibu wa zahanati zote. Bwana Sixbert akaibandika ubaoni, akasema mbele ya watu wakati wa chai kwamba vijana wakipewa nafasi mambo yanakwenda. Asnath alilala na tabasamu siku ile. Nani asingelala nalo?

“Sifuri,” alisema Mama Hildegardi Ijumaa ile, bado ana koti la safari.

“Sifuri, mama. Tangu Jumatatu.”

“Watu wangu hawa hawa?”

“Hao hao, mama. Naona semina niliyowapa mwezi jana imewaingia.”

“Na Nesi Vitalia wa Ngumbo? Naye hajakosea?”

“Hakuna hata mmoja aliyekosea.”

Mama Hildegardi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge. “Mwanangu,” alisema, “Vitalia amekosea kila anapotuandikia, miaka sita sasa. Leo kanyamaza siku nne? Ama amekufa yeye, ama tumekufa sisi.”

Asnath alicheka. Aliona anacheka peke yake, akaacha.

“Kaa hapo,” alisema mama. “Iulize seva jina la bibi yangu. Andika, Apolonia Ndunguru wa Mapera, unganisha yote, weka na nukta na vikorombwezo vyake mwishoni kama jina la kampuni.”

Asnath aliandika. Alitegemea neno moja tu, halipo. Badala yake seva ikamtolea anwani ya namba, safi kabisa, kana kwamba Apolonia ana ofisi mjini.

“Ala!” alisema Mama Hildegardi. “Bibi yangu alikufa hajaona hata balbu ya umeme, leo ana anwani ya mtandao? Hebu andika upuuzi wowote.”

Asnath aliandika upuuzi. Anwani ile ile. Akaandika upuuzi mwingine mkubwa zaidi. Ile ile. Akafungua ile anwani kwenye kioo, ukaja ukurasa wa matangazo, simu za mkopo, dawa za kupunguza tumbo, na juu kabisa nembo ya Upeo, kampuni inayowaletea laini ya intaneti. Hapo ndipo Asnath alipoelewa. Tangu Jumatatu, Upeo walikuwa wamebadilisha adabu ya mtandao. Kila jina lisilokuwepo, wao wanajibu: lipo, liko kwangu. Anayetafuta matokeo ya mpira akikosea, anatupwa kwenye matangazo yao, anasonya, anatoka. Lakini barua haisonyi. Barua ikiambiwa jina lipo, inakwenda, inabisha hodi, na mashine ya Upeo inaipokea na kuitupa.

Mama Hildegardi aliwapigia. Kijana mwenye sauti ya asali akamwambia ni huduma mpya, mama, tunawasaidia wateja wetu wasipotee.

“Mtu akipotea njia ukamwingiza dukani kwako, hujamsaidia, umemteka,” alisema Mama Hildegardi.

Kijana akasema suala lake limepokelewa. Mama akakata simu. “Huyo tutamfuata Jumatatu, na barua ya wakili. Leo tuna wagonjwa.”

Asnath alisema kwa sauti ndogo, “Lakini mama, barua isipojibiwa si mtu atapiga simu?”

“Wewe ni mgeni, huna kosa. Huku hatupigi.”

Akamweleza. Zamani, kabla ya lami, barua za mwambao zilipandishwa Mbinga na akina mama wanaouza usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Unampa mama barua, anaitia kwenye kapu, anapanda nayo mlima. Akimkosa mwenyewe, anairudisha safari yake inayofuata, anakukabidhi mkononi, na aibu ya milele kwa atakayeitupa. Kwa hiyo mwambao mzima ulijua, na mpaka leo unajua: barua isiyorudi imefika. Ukishaona haikurudi, kumfuata mtu kumuuliza “umeipata?” ni kumtukana, ni kama kumwambia muuza usipa ni mwizi. Kompyuta zilipokuja na zenyewe zikawa zinarudisha barua, watu wa ziwani wakazipenda hapo hapo. Wakasema, hizi zimelelewa vizuri.

“Sasa unaona,” alisema mama. “Tangu Jumatatu, kila aliyekosea amekaa kwenye kibaraza chake anajua barua imefika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, Asnath. Fungua kumbukumbu za seva.”

Asnath alizifungua. Alitoa kila swali lililojibiwa na ile anwani ya uongo, akatupa ya mpira na ya nyimbo, akabaki na majina kumi na saba yaliyofanana fanana na jina la hospitali. Barua kumi na saba zimemezwa. Tatizo, laini za zahanati zote hupitia mlango mmoja wa Upeo, kwa hiyo kumbukumbu zilionyesha jina lililokosewa na saa, basi. Nani alikosea, hazikusema. Zahanati thelathini na moja, watu zaidi ya mia. Asnath alianza kufikiria programu ya kukisia, akashika kichwa.

Mama Hildegardi hakufikiria programu. Alivuta kiti, akaweka daftari la kaunta mapajani, wala hakulifungua.

“Soma la kwanza.”

Asnath alisoma.

“Hilo limekatika mwisho. Ni Gaudence wa Mbuji, huandika amesimama, mguu mmoja uko nje. Soma.”

Akasoma.

“Herufi mbili mbili? Getrude, Mapera. Kidole gumba kimevimba baridi yabisi, akigusa hakitoki haraka. Soma.”

Asnath akawa anasoma, mama anajibu, anajibu hata kabla hajamaliza. Huyu huweka nukta badala ya kistari kwa sababu kitufe cha kistari kilimwagikiwa uji mwaka juzi. Huyu si mwenye zahanati, ni mumewe, mwenyewe yuko likizo ya uzazi. Mara mbili tu alilifungua daftari kuhakikisha, na mara zote mbili alikuwa sawa. Jamani! Asnath alikuwa amekaa na maprofesa miaka minne, hakuwahi kuona kitu kama kile. Yeye aliyahesabu makosa ili yapungue. Mama huyu aliyajua kama mchungaji anavyojua mbuzi wake, yupi ana pembe iliyovunjika, yupi anachechemea. Asnath alijisikia mdogo, na ajabu ni kwamba hakuumia, alifurahi kuwa mdogo mbele ya mtu kama yule.

Jina la tisa lilikuwa limeandikwa “mtakatifugaudensi”, wakati anwani halisi ni “mtgaudensi”.

“Simama hapo,” alisema mama. “Huyo ni Vitalia. Hamfupishi mtakatifu hata umfunge kamba. Anasema kumkata mtakatifu jina ni dharau. Hutuma kwanza kwa heshima, barua inarudi, anafanya ishara ya msalaba, ndipo anamfupisha. Alituma lini?”

“Jumanne, saa tatu na dakika tano asubuhi.”

Mama Hildegardi alisimama. “Ripoti ya Vitalia ni Alhamisi. Maombi ya dawa ni Ijumaa. Jumanne haandiki kitu, Jumanne ana kliniki ya watoto mpaka mchana. Aliacha kliniki akaandika.” Akanyakua simu. “Tuanze na huyu.”

Simu ya Ngumbo iliita muda mrefu. Mama aliweka sauti ya wazi, Asnath akasikia kuku, upepo, kisha mtu anahema.

“Shikamoo, Mama Hilde.”

“Marahaba, Vitalia. Jumanne uliandika nini?”

“Kuhusu yule mtoto, mama. Si mmeipata? Haikurudi.”

“Niambie tu, mwanangu, kana kwamba hukuniandikia.”

Nesi Vitalia akasema. Jumatatu jioni mbwa wa kuzurura, anatoka povu, alimuuma mtoto wa miaka minane, Beata, binti wa Tadea. Alimuuma shavuni na shingoni. Vijana walimuua mbwa. Nesi aliosha vidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka mpaka mikono ikafa ganzi. Chanjo ya kichaa cha mbwa hana, na stoo ya karibu imeishiwa. Ndipo akaandika Mbinga.

“Haikurudi, nikajua imefika,” alisema Vitalia. “Nikamwambia mama yake akae hapa hapa, gari linakuja Jumatano. Jumatano halikuja, nikasema labda barabara. Jana nikasema labda mafuta. Leo tupo, tunasubiri.”

Asnath si muuguzi, lakini aliyefanya kazi hospitalini hata miezi minne anajua hili: kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana, hakuna dawa duniani inayokirudisha. Ukiwahi sindano, mtu anapona. Ukichelewa, unachimba kaburi. Na jeraha la usoni liko karibu na ubongo, halimpi mtu nafasi ndefu. Siku nne zilikuwa zimekwisha kuliwa.

“Ana dalili?” aliuliza mama.

“Hapana, mama. Mpaka sasa hapana.”

“Tuma barua sasa hivi.”

“Nitume ile ile?”

“Vitalia! Mfupishe mtakatifu! Atakusamehe, mimi nitamwombea.”

Barua ikaingia baada ya dakika moja. Mama Hildegardi aliichapisha, akaibeba kwa mfamasia mwenyewe, anatembea haraka na koti lake la safari linapepea, watu kwenye foleni wakampisha bila kuambiwa. Asnath alibaki na seva. Alijua cha kufanya, mstari mmoja tu wa amri: jibu lolote litakalokuja na ile anwani ya Upeo, lihesabu kuwa ni halipo. Mstari mmoja. Hata hivyo aliukosea mara mbili. Alipoupata aliuliza tena jina la upuuzi, na seva ikajibu halipo, na Asnath akalia kidogo, machozi ya hasira, kwa sababu mstari huo angeweza kuuandika Jumatano badala ya kuchapisha karatasi.

Mama alirudi na kisanduku cha baridi, ndani chupa ndogo za chanjo kwenye barafu.

“Victor amewasha gari,” alisema. “Utakwenda wewe. Kile kisanduku cha mtandao kule Ngumbo kimehifadhi majibu ya uongo, kinataka kusafishwa kwa mkono. Mimi nina simu za kupiga hapa, wapo wengine waliomezwa.”

“Mama, hiyo sifuri mimi niliiona Jumatano. Niliiona, nikaisifia.”

Asnath alitaka aambiwe si kosa lako, binti yangu. Mama Hildegardi alimtazama kwa upole lakini hakulisema, maana hakuwa mtu wa kusema uongo hata wa kumfariji mtu.

“Ndiyo, uliiona,” alisema. “Na leo umeijua. Beba hii, usiiweke juani.”

Waliondoka saa nne. Victor, dereva, aliishika lami ya Mbamba Bay kama aliyeijenga yeye, kona baada ya kona, mashimo ya ngolo, kilimo cha Wamatengo, yamejipanga kwenye miteremko pande zote mbili, mahindi yamevunwa, kahawa imeanikwa. Asnath alikaa na kisanduku mapajani, mikono inamwuma kwa baridi. Kila mtandao wa simu ulipopatikana mama alipiga. Mbuji, walitaka glavu tu, nimewapa. Mapera, majibu ya kifua kikuu, mgonjwa amepatikana, anakuja. Lituhi, mama mjamzito, alikwisha kuja mwenyewe, ana mapacha, wote wazima. Walipofika Mbamba Bay alikuwa amewapata tisa. Walipopita Liuli, kwenye vumbi, gari linaruka kama linacheza ngoma, alikuwa amewapata wote kumi na saba, na hakuwa amekunywa hata ile chai yake. Victor alisikia yote akatikisa kichwa. “Ukiona vyaelea, vimeundwa,” alisema. “Sisi tunadhani intaneti inatoka hewani. Kumbe inatoka kwa Mama Hilde.”

Ngumbo walifika saa tisa alasiri. Nesi Vitalia aliwapokea kibarazani, mwanamke mwembamba, macho mekundu ya kutolala. Kijana wa ofisi yoyote angemlaumu. Asnath alimwangalia akafikiria maji yale na sabuni ile, mikono iliyokufa ganzi, akamshika kwa heshima. Kama mtoto bado ana nafasi, ni kwa sababu ya mikono ile.

“Yuko wapi?”

Vitalia alionyesha ziwani kwa kidevu.

Beata alikuwa amesimama majini mpaka magotini, bandeji shavuni, gauni amelikunja. Alichota maji kwa viganja, akanywa. Akasubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza. Akachota tena, akanywa. Mama yake, Tadea, alikuwa amekaa mchangani, miguu ameikunja, macho yako kwenye koo la mtoto, hayapepesi.

“Watoto wenzake walimwambia mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji,” alisema Vitalia. “Tangu Jumanne huenda kunywa kila mara, ajue kama hajaanza kuogopa. Nimemkataza nikashindwa. Hata mama yake nimeshindwa kumkataza. Usiku ndiye anayemwamsha na kikombe.”

Alishuka mchangani na kisanduku chake, viatu vya mjini vinazama. “Shikamoo, mama,” alisema, ingawa Tadea hakumzidi sana umri.

“Marahaba. Mmefika.” Tadea hakuinuka. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. “Ndugu yangu ana pikipiki. Alitaka kumpandisha Mbinga Jumanne ile ile, tulishamvika mtoto sweta. Nesi akasema barua imefika, gari linakuja. Tukamvua. Tuliwaamini.”

Asnath angeweza kusema mengi hapo. Angeweza kuitaja kampuni, na ingekuwa kweli. Angeweza kusema matatizo ya mtandao, maneno mawili ambayo watu wa kazi yake huyatumia kila siku na hakuna anayewauliza zaidi. Alipiga magoti mchangani ili macho yao yalingane.

“Barua haikufika, mama,” alisema. “Kampuni ya laini iliibadilisha njia, barua zikawa zinapotea. Lakini dalili mimi niliiona Jumatano. Barua ziliacha kurudi, nikadhani ni sifa yangu. Nilipongezwa, nikafurahi. Kama ningeuliza siku ile, tungekuwa tumefika juzi. Aliyegundua leo si mimi, ni mwenzangu mkubwa. Nisamehe.”

Tadea alimtazama. Mawimbi yalikuja, yakarudi. Vitalia nyuma yao alikuwa amesimama ameshika bomba la sindano kwenye kitambaa safi. Asnath alingoja atukanwe, na alikuwa tayari, aliona ni haki yake kutukanwa.

“Beata,” aliita Tadea. “Njoo.”

Mtoto alitoka majini mbio, kidevu kinadondosha maji. Alimwona mgeni, akaona kisanduku, akaona kitambaa cha nesi, akasimama. Midomo ikaanza kutetemeka. Siku nne za kujipima na ziwa zima hazikumliza, sindano moja ilimliza hapo hapo. Alijificha nyuma ya mama yake, analia kwa sauti ya mtoto yeyote, sauti kubwa yenye uzima.

Tadea alimtoa polepole. Alichukua mkono wa mtoto, mdogo, baridi, umekunjamana kwa maji, akauweka kwenye mkono wa Asnath, akaufunga kwa mikono yake yote miwili.

“Basi mshike wewe,” alisema. “Anaogopa sindano.”

Asnath alimshika. Alimshika vizuri, wakakaa chini wote wawili, na Vitalia akapiga magoti mbele yao, akatoa chanjo kisandukuni, akaivuta kwenye bomba, akapaka spiriti begani. Beata alifumba macho akamng'ang'ania yule mgeni mpaka kucha zikaingia kwenye ngozi. Asnath hakuutoa mkono wake.